Posa ya Uwaziri

Alhamisi, 15 Januari

Nimefungua duka mapema. Mashine ya fotokopi imemeza karatasi tena. Nimezitoa kwa kibano cha nyusi cha Zuwena. Nimekirudisha mahali pake kabla hajakitafuta.

Watu wengi dukani, wateja wachache. Wanakuja kuuliza habari za mke wangu. Chama chetu kimekubali kuingia Serikali ya Umoja. Makamu wa Kwanza wa Rais keshaapishwa, naye ni wetu. Sasa zimebaki wizara. Zetu ni chache, na katika hizo moja inatakiwa iende kwa mtu wa kaskazini Pemba. Chama kitapeleka jina, Rais atateua. Majina yanayotajwa ni mawili: Juma Faki, mwanasheria wa Micheweni, na Zuwena.

Zuwena ni mwakilishi wa jimbo letu, kipindi cha pili. Kabla ya hapo alikuwa mkunga hapa hapa Wete. Nyumba ambayo hajaingia na mkoba wake mtaani kwetu siijui. Anaitaka Afya. Hafichi. Jana alisema akikuna nazi, "Mie naitaka Afya. Cha kunipoza sitaki."

Nami nataka aipate. Nimeliandika ili nisije kujidanganya baadaye.

Makame, kinyozi wa mlango wa pili, ni wa chama kile cha Rais. Watu wetu hawanyoi kwake, wanakwenda sokoni. Mimi na yeye tunasalimiana na kutaniana, lakini kichwa changu hajakigusa. Leo kaniuliza kama nimeshapimwa suti ya mume wa waziri.

Jumamosi, 17 Januari

Wazee wa chama wamekuja nyumbani baada ya laasiri. Watatu, kanzu zimepigwa pasi, kofia za kushona kwa mkono. Aliyewaongoza ni Mzee Shaame, mwenyekiti wao. Zuwena alikuwa mjini Chake Chake kwenye mkutano wa akinamama. Mama mkwe wangu, Bi Raya, alikwenda kwenye hitma. Nimewapikia kahawa mwenyewe. Haluwa ilikuwepo.

Viti wamevikataa. Wamekaa kitako mkekani. Hapo nikaanza kushangaa, maana nimeshakwenda kuposa mara nyingi kwa ajili ya vijana wa ukoo, na ndivyo tunavyokaa. Wakaanza mbali. Mvua. Karafuu. Afya ya wazazi. Kisha Mzee Shaame akaweka kikombe chini.

"Bwana Othman, tumekuja na neno. Nyumba hii ina taa. Siye tunataka kuiazima, ikawake Unguja. Mwenye taa ni wewe. Tunaomba ruhusa."

Nusura nicheke. Sikucheka. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Niliona ndivyo inavyofaa. Dada yangu alipoulizwa mbele ya mashahidi kama anaridhia, alinyamaza, na nyumba nzima ikasema alhamdulillahi. Tena niliona jambo hili si langu. Zuwena ni mtu mzima, kachaguliwa na jimbo. Nikisema nimemruhusu, ni kama namtoa kabatini. Basi kimya.

Wakatazamana. Wakamaliza kahawa. Tukasoma Fatiha, wakaondoka.

Limekwenda vizuri. Nimejiona mtu mwenye adabu.

Zuwena karudi magharibi. Nimemwambia wazee walikuja na mambo yamekwisha. Katabasamu, kaenda kutia udhu.

Jumatatu, 19 Januari

Dukani hakuna kazi. Kila mtu ana baraza lake la mawaziri mfukoni. Mteja mmoja kanitajia mawaziri wote na manaibu wao, na kumbe hata barua ya kuomba kazi aliyoileta kunakili ameandika jina lake kwa makosa.

Makame kaja na jipya. Anasema watu wetu wa Pemba watapewa ile nafasi ya Waziri Asiye na Wizara Maalum. Gari anayo, bendera anayo, ofisi ya watu wake hana. "Akiwa yeye hana wizara maalum," kasema, "weye yakhe utakuwa huna mke maalum."

Nimecheka mbele yake. Nimeudhika nyuma yake.

Nimempelekea Zuwena mzaha huo nyumbani. Hakucheka. Kasema kiti hicho ni kama cha mgeni aliyekuta watu washaanza kula: anakaribishwa, anakaa, sahani hapati.

Jumanne, 20 Januari

Siku mbaya.

Mkuu wa akinamama wa chama kampigia Zuwena kutoka Unguja. Jina lake limeondolewa. Lililopelekwa kwenye kamati ni la Juma Faki. Zuwena kauliza sababu. Kaambiwa: mume hakutoa ruhusa.

Nilikuwa nakata kucha barazani. Kaja kasimama mbele yangu, simu bado mkononi.

"Wazee walikuja kukuuliza habari yangu. Uliwajibu nini?"

Nikamwambia sikuwajibu kitu, nilinyamaza, maana kunyamaza ni kuridhia. Nikamweleza habari ya dada yangu. Nilikuwa bado naamini nina hoja.

Kaiweka simu chini. Kisha kasema polepole. "Mara mbili nimesimama kwenye uchaguzi. Mara mbili watu wamenipa kura zao. Sikuangushwa na mtu. Leo nimeangushwa na kimya chako."

Kaingia ndani. Bi Raya, ambaye alikuwa anachambua mchele na kusikia yote, hakuinua uso. "Mwari akinyamaza kakubali," kasema. "Weye ni mwari?"



Jumatano, 21 Januari

Duka nimelifunga. Nimekwenda kwa Mzee Shaame. Nimemkuta anaanika makonyo ya karafuu uani, anayatawanya kwa mguu. Nimeshika reki nikamsaidia, maana kusema wima mikono mitupu nilishindwa.

Nimemwambia nilikuwa nimekubali. Kasimama akashika kiuno.

Anasema siku ile walipotoka kwangu walibishana njia nzima. Mmoja alisema nimekubali. Yeye na mwengine wakasema hapana. Mwanamme akinyamaza mbele ya wazee, ndio kakataa kwa adabu, hataki kuwavunjia uso. Basi na wao wakaniheshimu. Hawakutaka kurudi kuniuliza tena nikaona wananilazimisha kumtoa mke wangu.

Yaani sote tulikuwa na adabu. Adabu ndiyo iliyotumaliza.

Nimemwomba abadilishe. Anasema hawezi peke yake. Kamati ya chama inakaa Chake keshokutwa baada ya sala ya Ijumaa kuyapitisha majina. Likishapita pale limepita. "Nenda ukaseme," kaniambia. "Ila mie sikukwambia, na weye si mjumbe."

Narudi njiani nikakutana na Makame. Keshasikia. Leo hakutania. Kanisalimia tu akapita. Hilo limeniumiza kuliko mzaha.

Alhamisi, 22 Januari

Zuwena anasema nami maneno ya lazima tu. Chai tayari. Maji yamekatika. Kesho anapanda boti ya asubuhi, ana kikao cha kamati ya Baraza la Wawakilishi Unguja.

Nimejiuliza swali nililokuwa nalikwepa. Je, nilinyamaza kwa adabu tupu? Hapana. Kulikuwa na hofu pia. Hofu ya nyumba kubwa na mimi ndani yake. Hofu ya kuitwa mume wa fulani. Ndogo, lakini ilikuwepo. Kama ningekuwa sina hofu hata kidogo, mdomo ungefunguka wenyewe.

Sikumwambia Zuwena kwamba nakwenda Chake. Nikishindwa, ajue kwa wengine.

Ijumaa, 23 Januari

Niandike yote kwa mpangilio.

Nimesali Ijumaa Chake. Bi Raya tumekwenda naye. Sikumwita. Asubuhi nilimkuta keshavaa buibui, kakaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Anasema anakwenda kununua uzi. Uzi unauzwa Wete, mlango wa tatu kutoka dukani kwangu.

Ofisi ya chama ilijaa. Mlangoni alisimama katibu kijana, shati jeupe, na karatasi ya wajumbe. Kaniambia kwa heshima kwamba kikao ni cha ndani. Nikaanza kurudi nyuma. Kweli, nilianza. Bi Raya hakurudi. Kamuuliza kijana yeye mtoto wa nani. Kijana kasema. Bi Raya kasema basi mama yako alipokuwa na uchungu wako, aliyekesha naye ni mwanangu Zuwena, na aliyekuwa anachemsha maji ni mimi. Leo unanifungia mlango? Kijana katazama karatasi yake kama vile jibu limeandikwa pale. Kisha kasogea.

Tukaingia. Wajumbe wakageuka. Mwenyekiti wa kamati kauliza ni nini. Mzee Shaame alikuwa safu ya mbele, anatazama dari kama mtu asiyenijua.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yalipotea. Nikasema yaliyobaki.

"Waheshimiwa, wazee walikuja kwangu kuniomba mke wangu awe waziri. Nilinyamaza. Nilidhani kimya changu kina maana ile ile ya kimya cha dada yangu. Nimekosea. Kwanza ruhusa hiyo si yangu, maana hamkuja kuniuliza siku alipogombea. Lakini kama mnataka neno la mume, basi neno ni hili: nimekubali."

Nikaona haitoshi. Nikasema tena nimekubali. Kisha mara ya tatu, kama siku ya ndoa yangu, na nadhani kwa sauti ile ile, maana pale nyuma mtu alianza kucheka.

Mjumbe mmoja mnene kutoka Kengeja kauliza, "Umekubali kwa mahari gani?"

Sijui lilitoka wapi. "Kwa wizara kamili. Na isiwe ile isiyo maalum."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alivua miwani akajifuta macho. Bi Raya peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu nyuso, anatafuta ambaye hajakubali.

Na akapatikana. Mjumbe mmoja wa pembeni kasimama akasema kuchekesha si hoja. Jina limeshapelekwa, mwanasheria ni msomi, na wizara si wodi ya wazazi. Kicheko kikakatika. Nikajua hapa ndipo tunaposhindwa. Mwenyekiti kamgeukia Juma Faki mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, kamuuliza ana la kusema.

Sikuwa nimewahi kumsikia karibu. Sauti ndogo. Kasema yeye aliitwa akaambiwa mlango wa Bi Zuwena umefungwa na mumewe, ndipo akakubali jina lake liende. Kama mlango umefunguliwa, hapiti yeye mbele ya mwenye zamu. Kisha kageuka kwa yule mjumbe. "Na kuhusu wodi ya wazazi, Mheshimiwa, siye sote tumepitia huko. Hatukuanzia mahakamani." Kakaa.

Wakapiga kura ya mikono. Nilitolewa nje kwanza, kwa kuwa si mjumbe. Bi Raya hakutolewa. Hakuna aliyejaribu. Yeye ndiye aliyetoka kuniletea habari, lakini alinipeleka kwanza hadi barabarani.

"Twende zetu," kasema. "Mwanangu kapita."

Nimelia kidogo. Nimesingizia vumbi.

Uzi hakununua.

Jumamosi, 24 Januari

Zuwena kapiga simu kutoka Unguja baada ya alfajiri.

"Nasikia umeoa," kasema.

Nikamwambia ndiyo, mbele ya kamati nzima. Kauliza mke mwenyewe yukoje. Nikasema mkali. Kacheka mpaka kakohoa. Sijasikia kicheko hicho tangu wazee walipokuja. Nimekaa nacho kutwa nzima.

Kisha kasema jambo jengine, kwa sauti ya kazi. Siku nyengine nikiulizwa habari yake, niseme, "Muulizeni mwenyewe." Nimekubali. Nimelisema kwa mdomo, kwa sauti, na kaniambia basi yakhe, mara moja inatosha.

Chama kimefanya lake. Sasa ni kwa Rais. Anaweza kumteua, anaweza kumpa ile isiyo maalum. Hakuna wa kumwendea na mama mkwe.

Jumatatu, 26 Januari

Siku ya siku.

Tangu asubuhi walisema tangazo litatoka. Adhuhuri ikapita. Redio yangu betri zimelala. Ya Makame ni kubwa, ya umeme, na kaitoa hadi kizingitini. Watu wakajaa njiani, wetu na wao, kila upande na ukuta wake. Katikati wakabaki kuku.

Msomaji akaanza taratibu. Jina, wizara. Jina, wizara. Kila likitoka, upande mmoja unanong'ona. Fedha, wao. Elimu, wao. Biashara, wetu, mtu wa Unguja, tukapiga makofi kidogo. Ardhi, wao. Makame alikuwa anamnyoa kijana, na kila jina mkono unasimama.

Kisha akasoma: Waziri Asiye na Wizara Maalum. Nikafumba macho. Likatoka jina la mwanamme, wa chama kile. Makame kasema "Aa" kwa sauti ya mtu aliyepewa haki yake bila kutaka. Watu wetu wakacheka. Mimi sikuweza. Afya ilikuwa haijasomwa.

"Waziri wa Afya, Mheshimiwa Zuwena Khatib Salim."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka vigelegele kutoka madirishani mwa nyumba ambazo sikujua kama zinatusikiliza. Nakumbuka kijana aliyekuwa ananyolewa kakimbilia njiani na shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina. Nakumbuka mwanamke wa ule upande wa pili, mke wa mtu wa chama kile hasa, kavuka njia kwa haraka akamshika Bi Raya mikono miwili. "Watoto wangu wote kanizalisha yeye," anasema. "Wote. Nani atanizuia kufurahi?" Kisha wengine wakavuka. Kuku wakakosa pa kusimama.

Tumeshinda. Sijui niandike vipi jengine. Tumeshinda, na waliokuwa upande ule wanacheka na sisi.

Watu walipopungua Makame kanishika bega. "Mume wa waziri, ingia nikunyoe. Usende Ikulu na kichwa hicho, watasema Wete hakuna kinyozi."

Nikasita. Niseme kweli, nikasita. Kisha nikaingia nikakaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani. Kanifunga shuka. Kachukua wembe, kauweka shingoni kwangu, kaniangalia kwenye kioo.

"Unaogopa?"

"Kidogo."

"Hata mie," kasema. "Nikikukata leo, serikali itavunjika."

Kaninyoa vizuri sana. Ana mkono mwepesi. Miaka yote hii nakwenda sokoni kwa mtu mwenye mkono mzito.

Alhamisi, 29 Januari

Unguja. Kiapo.

Nilifika Ikulu na kanzu mpya na kichwa cha Makame. Msimamizi wa itifaki kaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mume wa waziri wa Afya. Kaangalia mpango wake wa viti, kajikuna, kaniongoza kwenye safu iliyoandikwa Wake wa Viongozi. Nimekaa pale kati ya Bi Raya na mke wa waziri wa Ardhi. Wamenikaribisha vizuri. Mmoja kaniazima kipepeo nijipepee.

Mawaziri walikaa kwa mchanganyiko. Wao, wetu, Unguja, Pemba. Ukiwaangalia mavazi hujui nani wa wapi. Wanawake wachache. Zuwena wa pili kutoka mwisho, kanga ya mabega rangi ya ndizi mbivu, mgongo wima. Kaitwa. Kashika Msahafu. Kaapa kwa sauti ile anayotumia kumwambia mzazi asukume. Haikutetemeka hata herufi moja.

Bi Raya babake alikuwa na mashamba ya karafuu zamani, kabla ya Mapinduzi kuyachukua. Hayasemi. Leo aliinama kwangu akasema neno moja tu: laiti. Sikumuuliza laiti nini. Kisha akakaa sawa, akapiga makofi kwa nguvu kuliko mtu yeyote katika safu ya wake wa viongozi. Nami nikamfuata.

Nimemwona Juma Faki mlangoni wakati wa kutoka. Kaja kwa nauli yake. Nimempa mkono, na nimemshukuru kwa maneno, yanayosikika.

Jumanne, 3 Februari

Nimerudi Wete juzi na Bi Raya. Zuwena kabaki. Leo ndiyo siku ya kwanza anakaa na wenzake kwenye Baraza la Mawaziri. Kapiga simu mchana. Hakusema walilojadili, na mimi sikuuliza. Kasema viti vina magurudumu, na alipokaa chake kilirudi nyuma, na waziri wa Ardhi akakishika.

Mvua kidogo baada ya laasiri. Nimeingiza nguo za Bi Raya. Nimefunga duka mapema.

Nimepika mwenyewe. Mchuzi wa samaki, pono. Chumvi imezidi. Bi Raya kaonja akasukuma sahani, kaomba chai. Mimi nimeula wote.

Nimefurahi.